Kebo ya kuunganisha laptopu na monita: mwongozo kamili wa kuchagua, kununua na kuunganisha

Wengi huingia dukani na kuomba "waya wa monita". Muuzaji huwapa HDMI kwa sababu ndiyo inayotoka zaidi, na mara nyingi inafanya kazi. Shida huanza laptopu isipokuwa na tundu la HDMI, au ikiwa na USB-C isiyotoa picha, au picha ikija huku mshale wa kipanya ukijikokota kana kwamba kompyuta imezeeka ghafla. Kwa hiyo kebo hununuliwa mwisho. Kwanza tazama matundu ya pande zote mbili, halafu amua unataka picha ya kiwango gani. Na ujue tangu sasa kwamba umbo la kichwa cha waya linakuonyesha kinaingia wapi tu. Halikuonyeshi kinapitisha nini.

Hatua ya 1: Tambua matundu

Ziangalie mbavu za laptopu na mgongo wa monita kwa tochi ya simu. Piga picha pande zote mbili, maana dukani utasahau.

HDMI ni tundu lenye upana wa kama milimita 14. Juu ni bapa na chini pembe zote mbili zimekatwa mshazari. Lina pini 19 na halina kulabu, kichwa kinashikwa kwa kubanwa tu. Lina wadogo zake wawili: mini HDMI, na micro HDMI yenye upana wa kama milimita 6, ambayo ni rahisi kuidhania tundu la chaja za simu za zamani.

DisplayPort ukiitazama haraka utadhani ni HDMI, lakini pembe moja tu ndiyo iliyokatwa. Kichwa chake huwa na kulabu mbili ndogo za chuma na kitufe juu. Bonyeza kitufe ndipo uvute. Ukivuta kwa nguvu bila kubonyeza unaweza kung'oa tundu kwenye bodi ya monita, na hiyo ni kazi ya fundi wa kulehemu.

Mini DisplayPort ni ndogo, pembe mbili za chini zimekatwa. Wanaonunua laptopu zilizotumika hukutana nayo sana. Lenovo ThinkPad T440 na T450 zina mini DisplayPort na VGA, HDMI hazina. HP EliteBook 840 G1 na G2 zina DisplayPort kubwa na VGA, nazo pia hazina HDMI. MacBook Air za 2011 hadi 2017 zina tundu la Thunderbolt lenye umbo hilohilo la mini DisplayPort, na kebo ya mini DisplayPort inafanya kazi humo.

VGA kwa kawaida ni la buluu, lina vitundu 15 katika safu tatu na skrubu mbili pembeni. Ukiona kichwa cha waya kimekosa pini moja kwenye safu ya kati, usikirudishe dukani: ni pini ya 9, na kebo nyingi hazina pini hiyo kwa makusudi. Pini iliyopinda inyooshe taratibu kwa ncha tupu ya penseli ya kubonyeza.

DVI ni pana, mara nyingi nyeupe, na siku hizi utaikuta zaidi kwenye monita za zamani kuliko kwenye laptopu.

USB-C ni tundu dogo la mviringo uliobanwa, upana wa kama milimita 8, na kichwa chake huingia upande wowote. Hili lina maelezo marefu, tutalifikia.

Matundu mawili hayatoi picha, na watu hupoteza pesa hapo. La kwanza ni USB ya kawaida, ile ya mstatili ya kuchomekea flashi: yenyewe haina njia ya picha. La pili ni tundu la karibu mraba nyuma ya baadhi ya monita, linalofanana na la printa. Kazi yake ni kupeleka data kwenye matundu ya USB yaliyo ubavuni mwa monita. Ukichomeka waya wa printa hapo ukisubiri picha, utasubiri sana.

Jambo jingine linaloulizwa kila mara: tundu la HDMI la laptopu ni la kutoa picha, halipokei. Huwezi kuchomeka kisimbuzi au PlayStation humo ukaifanya laptopu iwe runinga.

Hatua ya 2: Amua unataka picha ya kiwango gani

Vitu viwili vinaamua: idadi ya pikseli, na mara ngapi picha inachorwa upya kila sekunde, yaani Hz. Full HD, 1920×1080, ina pikseli kama milioni 2.07. Ile ya 2560×1440 ina milioni 3.7. 4K, 3840×2160, ina milioni 8.3, mara nne ya Full HD. 4K kwa 60 Hz inahitaji kati ya gigabiti 12.5 na 14 kwa sekunde, kutegemea jinsi laptopu inavyoipanga picha. HDMI 1.4 uwezo wake halisi wa kubeba picha ni kama gigabiti 8, kwa hiyo laptopu inashuka yenyewe hadi 30 Hz. Hapo ndipo mshale unapojikokota, na kebo haina kosa lolote.

Huu ndio mpangilio wa kukumbuka, na matoleo yanayotajwa ni ya matundu ya laptopu na monita:

- 1920×1080 kwa 60 Hz: chochote kinafaa, hata VGA, ingawa VGA maandishi hayakai makali sana.
- 1920×1080 kwa 144 Hz: DisplayPort au HDMI 2.0.
- 2560×1440 kwa 60 Hz: HDMI 1.4 na kuendelea, au DisplayPort.
- 2560×1440 kwa 144 Hz: HDMI 2.0 au DisplayPort 1.2.
- 4K kwa 60 Hz: HDMI 2.0 au DisplayPort 1.2.
- 4K kwa 120 Hz: HDMI 2.1 au DisplayPort 1.4.

Kinachopatikana ni kile cha kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote. Laptopu ya HDMI 1.4, kebo ya bei kali na runinga mpya ya 4K vitakupa 30 Hz, basi.

Toleo la tundu halijaandikwa ubavuni, litafute. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, na usome jina la modeli. Kisha tafuta modeli hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji, sehemu ya sifa za kifaa. Fanya vivyo hivyo kwa monita. Modeli yake iko kwenye stika ya nyuma. Angalia tundu mojamoja, kwa sababu monita moja inaweza kuwa na DisplayPort inayofika 144 Hz na HDMI inayoishia 60 au 75.

Hatua ya 3: Kama pande zote zina tundu la aina moja, usiende mbali

HDMI kwa HDMI, au DisplayPort kwa DisplayPort, kebo ya mita 1.5 au 2, na kazi imeisha. Kama laptopu na monita zote zina DisplayPort na HDMI, chukua DisplayPort. Kwenye mashine za miaka ya nyuma ndiyo mara nyingi ilikuwa na uwezo mkubwa kuliko HDMI iliyokaa kando yake, na haina mazoea ya kuifanya kompyuta idhani imechomekwa kwenye runinga.

Kebo za HDMI zinagawanywa kwa madaraja, na majina yake huandikwa kwa Kiingereza kwenye ganda. High Speed hubeba gigabiti 10.2 kwa sekunde na inatosha Full HD na 4K ya 30 Hz. Premium High Speed hubeba 18, ya 4K kwa 60 Hz. Ultra High Speed hubeba 48. Kwa monita ya kawaida ya ofisini hakuna sababu ya kulipia Ultra. Kwa 4K ya 60 Hz tafuta Premium. High Speed nzuri na fupi mara nyingi huifikisha, lakini hakuna aliyeahidi.

Maandishi ya "8K" au "2.1" kwenye ganda hayathibitishi kitu, kila mtu anaweza kuyachapa. Kebo za Premium na Ultra zilizopimwa kihalali huwa na stika kwenye pakiti yenye msimbo wa QR unaosomwa kwa programu ya HDMI Cable Certification. Kama pakiti haina stika, chukulia ni kebo ya kawaida na uilipie hivyo.

Dhahabu nayo ina maneno mengi. Haiongezi ubora wa picha. Inachofanya ni kuzuia kutu kwenye pini, na ukikaa Mombasa, Tanga au Zanzibar, ambako hewa ya chumvi inakula chuma, hilo lina maana. Ila tazama ndani ya kichwa: mara nyingi kilichopakwa rangi ya dhahabu ni ganda la nje, huku pini zenyewe zikiwa za kawaida.

Hatua ya 4: USB-C, tundu lenye umbo moja na kazi nyingi

Hapa ndipo kebo mbili zinazofanana kabisa machoni zinapofanya kazi tofauti kabisa, na vivyo hivyo matundu.

Anza na tundu la laptopu. USB-C hutoa picha ikiwa tu mtengenezaji ameliunganisha na mfumo wa picha ndani, utaratibu unaoitwa DisplayPort Alt Mode. Laptopu nyingi za bei nafuu zina USB-C ya data peke yake, au ya data na chaji. Angalia alama kando ya tundu: herufi D na P zilizoshikana, au mshale wa radi wa Thunderbolt, maana yake picha ipo. Alama ya USB yenye namba 5 au 10 peke yake inahusu data. Alama ya betri inahusu chaji. Pasipo na alama, rudi kwenye sifa za modeli na utafute neno DisplayPort mbele ya USB-C. Kama laptopu ina USB-C mbili, usidhani zote ni sawa.

Kisha kebo. Kichwa cha USB-C kina nafasi za pini 24, lakini kebo ya kuchajia simu kwa kawaida ina nyaya za umeme na za USB 2.0 pekee. Jozi nne za nyaya za kasi, ambazo ndizo zinazobeba picha, hazimo. Ukiichomeka kati ya laptopu na monita ya USB-C, laptopu itaanza kuchaji na kioo kitabaki cheusi. Hata kebo ya kuchajia inayokuja na MacBook ni ya USB 2.0 na haipitishi picha. Namba za wati haziwezi kukusaidia hapa: kebo ya wati 240 inaweza kuwa ya USB 2.0 kabisa. Tafuta kebo iliyoandikwa kasi ya data ya gigabiti 10, 20 au 40, au yenye alama ya radi. Ukiishika utaona pia ni nene na ngumu kidogo kupinda, ingawa unene peke yake si ushahidi.

Kama monita ina USB-C inayochaji, waya mmoja unaleta picha, sauti na umeme, na meza inabaki safi. Lakini linganisha wati. Kebo ya USB-C ya kawaida hubeba hadi wati 60. Kufika 100 lazima iwe ya ampea 5, yenye chipu ya utambulisho kichwani. Laptopu ya wati 90 kwenye monita inayotoa 65 itafanya kazi, ila ukiipa kazi nzito betri itashuka polepole huku alama ya chaji ikiwaka.

Kama monita haina USB-C, nunua kebo yenye USB-C upande mmoja na DisplayPort au HDMI upande wa pili. Ya kwenda DisplayPort ni bora, kwa sababu mawimbi yanayotoka ni ya DisplayPort tayari. Ya kwenda HDMI ina chipu ya kubadilisha ndani ya kichwa, na chipu nyingi za bei ya chini huishia 4K ya 30 Hz. Pakiti ikisema "4K" bila kutaja 60 Hz, jua ni 30.

Hab za USB-C, yaani visanduku vinavyogeuza tundu moja kuwa matundu mengi, zina mtego wake. Laptopu ina njia nne za kasi ndani ya tundu. Hab yenye matundu ya USB 3 huchukua njia mbili kwa data na kuacha mbili kwa picha. Kama laptopu inatoa DisplayPort 1.2, njia mbili zinabeba kama gigabiti 8.6, kwa hiyo 4K inabaki 30 Hz. Ikiwa laptopu na hab zote zinaweza DisplayPort 1.4, njia mbili zinafika karibu gigabiti 13 na 60 Hz inawezekana. Ndiyo maana hab ileile inampa jirani 60 na wewe 30.

Wenye Mac waongeze hili: MacBook Air za M1 na M2 na MacBook Pro ya inchi 13 yenye chipu hizo zinakubali monita moja tu ya nje, hata ununue hab yenye HDMI mbili. Ya pili inawezekana kwa adapta kama ya DisplayLink, ambayo hutuma picha kama data na inahitaji kusakinishwa programu yake. DisplayLink hiyohiyo ndiyo njia ya kupata picha kwenye USB ya kawaida. Inafaa kwa maandishi na majedwali. Kwa michezo ya kasi haifai.

Hatua ya 5: Adapta, na suala la upande

Kebo nyingi zenye vichwa viwili tofauti hufanya kazi kwa upande mmoja tu. Kebo ya "DisplayPort kwenda HDMI" inatoka laptopu yenye DisplayPort kwenda monita yenye HDMI. Ukiigeuza, laptopu ya HDMI kwa monita ya DisplayPort, haitoi chochote, hata kama vichwa vinaingia vizuri. Kwa hiyo dukani usiseme tu "nataka DP na HDMI". Sema: "Laptopu ina DisplayPort, monita ina HDMI."

DisplayPort kwenda HDMI ndiyo adapta rahisi kuliko zote. Matundu mengi ya DisplayPort ya laptopu, yenye alama ya DP na jumlisha mbili, hujua kutoa mawimbi ya HDMI yenyewe, kwa hiyo adapta haihitaji chipu ya kugeuza mawimbi. Za bei nafuu hata hivyo huishia Full HD ya 60 Hz au 4K ya 30. Ukitaka 4K ya 60, omba yenye chipu, ile inayoitwa "active".

HDMI kwenda DisplayPort ni lazima iwe na chipu, na karibu zote huwa na mkia wa USB wa kuvuta umeme. Usipouchomeka mkia huo, hakuna picha.

HDMI, DisplayPort au USB-C kwenda VGA pia ni lazima iwe na chipu, kwa sababu VGA ni analogia na hizo nyingine ni dijitali. Waya mtupu wenye kichwa cha HDMI huku na VGA kule, usio na hata kijisanduku, bado unauzwa, na kwenye laptopu haufanyi kazi. VGA kwenda HDMI inataka chipu, umeme wa USB, na waya mwembamba wa sauti, kwa kuwa VGA haibebi sauti. DVI nayo kwa kawaida haibebi.

DVI na HDMI zinaelewana kwa picha bila chipu, pande zote mbili. Kebo ya HDMI kwa DVI ni njia nzuri na ya bei ndogo ya kufufua monita ya zamani, hadi 1920×1200 kwa 60 Hz. Ukikuta monita ina DVI na VGA, kimbilia DVI.

Epuka kupanga adapta juu ya adapta. USB-C kwenda HDMI, halafu HDMI kwenda VGA, kila moja inapunguza kitu, na ikigoma hutajua nani mkosaji.

Urefu

Pima kwa kamba kutoka tundu hadi tundu, ukifuata njia halisi ya waya, kisha ongeza nusu mita. Mezani mita 1.5 au 2 inatosha. HDMI ya 4K kwa 60 Hz ibaki ndani ya mita 3 kama unataka usalama. Full HD hufika hata mita 10 kwa kebo nene. DisplayPort kwa kiwango cha juu ibaki mita 2. Kebo ya Thunderbolt ya kawaida ya gigabiti 40 ni fupi, kama sentimita 80. Za mita 2 zipo lakini bei inapanda. VGA ikipita mita 5 kwa Full HD, herufi huanza kuwa na vivuli.

Kwa ukumbi wa kanisa, madrasa au darasa, ambako projekta iko mita 10 au 15 mbali, kuna HDMI za nyuzi za mwanga. Hizo zina upande: kichwa kimoja kimeandikwa Source na huenda kwenye laptopu, kingine Display. Usizizike ukutani kabla ya kuzijaribu, na usizikunje kwa pembe kali.

Dukani

Iwe Kariakoo au barabara ya Luthuli Nairobi, nenda na laptopu yako. Muuzaji mzuri hatakataa uchomeke kwenye kioo chake. Usiishie kuona picha: fungua mipangilio ya skrini uone ni pikseli ngapi na Hz ngapi, kisha tikisa kichwa cha waya taratibu. Picha ikikatika, acha kebo hiyo. Kichwa kikilegea kwenye tundu, jaribu kebo nyingine ya aina hiyohiyo. Kama zote zinalegea, tundu la laptopu ndilo limechoka.

Uliza kama unaweza kuirudisha, na upate risiti yenye neno sahihi, kwa mfano "USB-C kwenda DisplayPort", badala ya "waya" tu.

Hatua ya 6: Kuchomeka bila kuunguza tundu

Hili halitajwi vya kutosha. Runinga na chaja nyingi za pini mbili hazina waya wa ardhi, ule mafundi wanaouita ethi. Ganda la chuma la vifaa hivyo huweza kuelea hadi karibu nusu ya volti za umeme wa ukutani. Mkondo wake ni mdogo sana, unausikia kama mtekenyo ukipapasa chuma. Ukichomeka HDMI wakati vifaa vyote viko kwenye umeme, tofauti hiyo ya volti inaweza kupita kwenye pini kabla ganda halijagusana vizuri, na chipu ya tundu ikafa. Runinga iliyounganishwa na dishi lililoko juu ya bati inaongeza hatari, hasa msimu wa radi.

Fanya hivi. Chomoa chaja ya laptopu na waya wa umeme wa monita. Chomeka kebo ya picha pande zote. Rudisha umeme wa monita, iwashe, chagua mlango wa picha kwa kitufe chake. Halafu rudisha chaja. Kama monita ina plagi ya pini tatu, usiivunje pini ya ardhi ili iingie kwenye ekstensheni ya pini mbili.

Acha waya uwe na kitanzi kidogo nyuma ya laptopu. Waya ulionyooka kama kamba ya ngoma utakata tundu siku mtu akiukanyaga.

Hatua ya 7: Mipangilio

Kwenye Windows bonyeza Windows na P. "Duplicate" inarudia picha ileile, "Extend" inaongeza nafasi ya kazi, "Second screen only" inazima kioo cha laptopu. Kisha nenda Settings, System, Display, Advanced display, uchague monita ya nje na uweke Hz za juu zaidi. Usiruke hatua hii: monita ya 144 Hz mara nyingi huanza ikiwa imewekwa 60, na wapo wanaokaa nayo hivyo mwaka mzima.

Kwenye Mac ingia System Settings, kisha Displays. Kwenye Linux, mazingira mengi yana ukurasa wa skrini, na kwa yale yanayotumia X11, mfumo wa zamani wa kuchora skrini, amri ya xrandr inaorodhesha viwango ambavyo monita inakubali.

Inapogoma

Kioo kinasema "No Signal". Kwanza hakikisha monita iko kwenye mlango sahihi. HDMI 1 na HDMI 2 ni vitu viwili. Halafu Windows na P. Kisha Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, ambayo huwasha upya draiva ya picha. Bado? Chomoa monita kwenye umeme kwa dakika moja, kisha jaribu kebo nyingine kabla ya kulaumu laptopu.

Picha inazimika na kurudi, au kuna vinukta vinavyometameta. Kebo haimudu mzigo. Shusha hadi 30 Hz au Full HD: ikitulia, unahitaji kebo fupi zaidi au ya daraja la juu.

Rangi zimepauka, nyeusi inaonekana kijivu. Laptopu inatuma rangi za mfumo wa runinga. Kwenye programu ya kadi ya picha, ya Intel, AMD au NVIDIA, badilisha upana wa rangi kutoka "Limited" kwenda "Full".

Kingo za picha zimekatwa kwenye runinga, upau wa chini hauonekani. Runinga inavuta picha. Tafuta kwenye menyu yake "Just Scan", "Screen Fit" au "1:1", au uupe mlango huo jina la PC. Kufanya hivyo mara nyingi hurekebisha pia herufi nyekundu na za buluu zenye ukungu.

4K inakwama 30 Hz ingawa kila kitu kinatosha. Ingia menyu ya monita: baadhi huja zikiwa zimewekwa DisplayPort 1.1, na runinga nyingi hufunga uwezo kamili wa HDMI hadi uuwashe kwa kila mlango. Samsung huuita "Input Signal Plus" au "HDMI UHD Color", LG "HDMI Ultra HD Deep Colour".

Sauti imepotea kwenye laptopu. Imehamia kwenye monita, ambayo pengine haina spika. Bofya alama ya spika na uchague za laptopu.

Filamu ya mtandaoni ni nyeusi ila vingine vyote vinaonekana. Ulinzi wa nakala haupiti kwenye VGA, wala kwenye baadhi ya adapta. Tumia HDMI au DisplayPort moja kwa moja.

Kompyuta inagoma kuwaka ikiwa DisplayPort imechomekwa, au taa zake zinabaki na mwanga hafifu hata ikizimwa. Kebo mbovu za DisplayPort huunganisha pini ya 20, ambayo kwa kebo ya kawaida inapaswa kuachwa wazi, na umeme wa volti 3.3 wa monita unarudi nyuma hadi kwenye kompyuta. Ukiwa na mita ya fundi, weka kwenye mlio na uguse pini ya 20 ya kila kichwa: ikilia, kebo hiyo itupe, usimpe mtu.